Tepu za Kijani kwa Hisui

Ndani ya ukumbi wa mieleka Sayoko alikuwa na sauti. Watu waliokaa safu za mbele waligeuka kutazama ni nani huyo anayeita "Hisui!" kama mtu aliyeona nyumba yake inaungua. Lakini akishatoka nje ya mlango, sauti ile ilibaki ndani. Kiwandani, alikokuwa akipanga biskuti za mchele kwenye trei tangu alipoacha shule, msimamizi aliwahi kumwuliza mbele ya watu kama yeye ni bubu. Sayoko akatikisa kichwa badala ya kusema hapana, kiwanda kizima kikacheka.

Kwa hiyo siku alipomkuta Hisui Kurogane mwenyewe, amekaa peke yake dirishani kwenye korido ya hospitali, jambo la kwanza alilowaza ni kurudi alikotoka.

Alikuwa amekuja kumwona bibi yake aliyevunjika nyonga. Mkononi alikuwa na mfuko wa machungwa madogo ya majira ya baridi. Kiti cha magurudumu kilikuwa kimeelekezwa kwenye kioo, na nje ya kioo theluji ya mji wa Niigata ilikuwa inaanguka bila haraka. Kola pana ya matibabu ilikuwa imeikamata shingo ya Hisui kuanzia mabegani mpaka chini ya kidevu. Nywele zake, ambazo miaka yote alizipaka kijani, zilikuwa zimeota nyeusi, na kijani kilichobaki kilikuwa kwenye ncha tu. Mikono yake ilikuwa juu ya blanketi, mmoja juu ya mwingine, imepangwa vizuri mno. Mtu hapangi hivyo mikono yake mwenyewe.

"Nakuona kwenye kioo," Hisui alisema. "Usikimbie. Mimi siwezi kukufukuza."

Sayoko aliinama sana, mpaka mfuko wa machungwa ukagusa sakafu.

"Wewe si yule wa kijani? Upande wa mashariki, safu ya pili. Unatupa tepu kwa mkono wa kushoto."

"Ndiyo," Sayoko alisema, na lile "ndiyo" likatoka kama pumzi.

"Mfukoni una nini?"

"Machungwa."

"Basi nimenyee moja. Huku wananilisha uji tu, kama kifaranga."

Sayoko akavuta kigoda akakaa mbele yake. Alimenya chungwa, akaanza kuondoa nyuzi nyeupe moja moja.

"Acha hizo, mimi si mtoto mchanga. Weka kama lilivyo."

Akamlisha. Hisui alitafuna macho ameyafumba, na juisi kidogo ikamtiririka kidevuni. Sayoko akaifuta kwa kitambaa chake. Sayoko alimwona mwanamke huyu Agosti iliyopita akinyanyuliwa begani na Ran Akaboshi, mpinzani wake wa siku zote, kwa mrusho ambao alishaupokea mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu mtu yeyote. Safari hii aliangukia kisogo. Ukumbi mzima ukaimba jina lake ili ainuke, kwa sababu kila mara walipoimba aliinuka. Waliimba kwa muda mrefu sana kabla ya kuelewa. Sayoko ndiye aliyekuwa wa mwisho kunyamaza.

"Umesikia kwamba wanataka kuniaga?" Hisui aliuliza.

"Ndiyo. Mwezi ujao, Jumapili."

"Mtakuja?"

"Wote."

"Haya, sogea hapa nikuambie kitu." Alimeza kwanza. "Kila anayekuja kuniona analeta maua. Chumba changu kinanuka msiba. Siku ile msiniletee maua. Nataka jina langu liitwe ulingoni, halafu mnitupie tepu za karatasi kama siku zote. Nyingi. Mzitupe mpaka nisione kitu."

Sayoko aliitazama ile kola. "Lakini zitakupiga usoni."

"Si ndicho ninachotaka." Hisui alishusha macho kuelekea kwenye kola, maana hakuwa na kingine cha kuonyeshea. "Kuanzia hapa kwenda chini hakuna mtu. Nesi ananibana kidole cha mguu, ananiuliza nasikia nini, namwambia nasikia njaa. Maji ya kuoga sijui kama ni ya moto au ya baridi. Uso tu ndio bado wangu. Karatasi ikinigonga shavuni nitajua. Nataka nijue mara moja tena, halafu basi. Wanifanye wanavyotaka."

"Na wakubwa wa chama cha mieleka?"

"Nikiwaambia watamwuliza daktari, daktari atasema hapana. Hili ni letu sisi, mimi na nyinyi. Mwambie mzee Tadokoro. Akisema mzee, wote watatupa. Mwambie mapema, yule ana ugonjwa wa huruma."

"Nitamwambia," Sayoko alisema.

"Unaahidi?"

"Naahidi, dada."

Hisui akacheka kidogo. "Una sauti kumbe! Nilidhani unayo ya kuitia jina langu tu."

*

Mashabiki wa Hisui walikuwa wakikutana kwenye duka la kunyolea la mzee Tadokoro, Jumapili ambazo limefungwa. Kazi yao ilikuwa tepu. Tepu za karatasi zikitoka dukani zina kibomba cha karatasi ngumu katikati, na kibomba hicho kikimpata mtu jichoni ni balaa. Kwa hiyo kila kibomba hutolewa kwa kidole gumba, taratibu, tepu isivurugike. Halafu inalegezwa kidogo ili ikirushwa ifunguke angani na kumwangukia mchezaji kama nywele. Anayetupa hubaki na ncha kidoleni. Na mchezaji, jina lake likiitwa, husimama katikati ya ulingo, hushusha kidevu, hufumba macho, na kungoja.

Jumapili iliyofuata walikuwa wamejaa dukani, wengine kwenye viti vya kunyolea, wengine chini, na masanduku ya tepu za kijani katikati. Redio ilikuwa ikiimba. Mutsumi, mama muuza tofu, ile jibini ya soya, mwenye mikono kama ya mwanamieleka, alikuwa anatoa vibomba huku anawachokoza wenzake.

"We Ogata, mbona yako imekuwa kama utumbo? Hiyo utamtupia mchezaji au utampikia supu?"

"Mama, mimi najifunza."

"Miaka sita unajifunza! Mkeo ana kazi."

Sayoko alikaa pembeni karibu na beseni la kuoshea nywele. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu asubuhi, tena alikuwa ameyasema kwa sauti mbele ya mlango wa friji nyumbani. Nilimwona Dada Hisui hospitali. Anataka tumtupie. Ni maneno machache tu.

Mzee Tadokoro alisimama, akapiga mkasi kwenye chupa ya mafuta ya nywele, ting ting. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya mapumziko. Kila mtu alimheshimu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikosa onyesho, na kwa sababu yeye ndiye aliyewafundisha wote kutoa kibomba.

"Jamani, nisikilizeni. Nimefikiri sana. Siku ya kumuaga Hisui, hatutatupa."

Redio iliendelea kuimba.

"Mzee," Mutsumi alisema, "sasa hizi tunazitoa vibomba vya nini? Nikafungie tofu?"

"Tutazishika. Jina likiitwa, kila mmoja ainue tepu yake juu kwa mikono miwili, kimya. Ukumbi mzima uwe kijani." Akavua miwani. "Mchezaji anatupiwa kwa sababu anaweza kujikinga. Akiona inakuja vibaya anageuza uso, anainua mkono. Hisui hawezi. Mtu asiyeweza kuinua mkono hatupiwi kitu. Hata mbwa aliyefungwa hatupiwi kitu. Mimi nimeshaona jicho la mchezaji limetoka damu kwa kibomba cha mjinga mmoja, na mjinga mwenyewe alikuwa mimi. Siwezi tena."

Hakuna aliyejua habari hiyo. Mutsumi aliacha kuchokoza. Ogata akaangalia utumbo wake wa karatasi mapajani.

"Mzee amesema kweli," mtu mmoja akasema.

"Kweli kabisa. Itakuwa kama kumpiga."

Sayoko alihisi maneno yake yanapanda kifuani. "Mimi..." akasema.

Mutsumi akageuka kama amesikia paka akiongea. "Heee! Jamani, nyamazeni! Sayoko anasema! Zima redio wewe, zima!"

Redio ikazimwa. Wote wakamtazama. Na duka lile lilikuwa na vioo kuta zote mbili, kwa hiyo waliomtazama walikuwa mara mbili, halafu ndani ya vioo wakawa wengine tena nyuma ya wale, safu kwa safu, na katikati ya kila safu alikuwepo msichana mwekundu uso mzima, mdomo wazi.

"Sema, mwanangu," Mutsumi alimhimiza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kicheko.

"Mimi... nitaleta tepu zaidi," Sayoko akasema.

Wakapiga makofi. "Hayo ndiyo maneno!" Ogata alisema. Mzee Tadokoro akamjia, akamwekea mkono begani. "Najua unavyompenda, binti. Sote hivyo hivyo." Redio ikawashwa.

Alikwenda nyumbani kwa miguu ili ajiadhibu na baridi. Alifikiri kuandika, lakini akaona maneno yale yakiwekwa kwenye karatasi yatafanana na uongo, kama msichana mpweke ameyatunga ili aonekane ameongea na nyota. Ilikuwa miaka ile ya kabla ya watu kutembea na simu, kwa hiyo jioni moja baada ya kazi aliingia kwenye kibanda cha simu kando ya kituo cha treni, akapiga.

"Kinyozi Tadokoro!" sauti ya mzee ikajibu. Nyuma yake wateja walikuwa wanacheka. "Haloo? Nani mwenzangu? ... Haloo? Wewe ni yule wa bili ya umeme?" Wateja wakacheka zaidi.

Sayoko akaweka simu chini polepole, kana kwamba ikigonga itamtaja jina.

Kila alipokwenda kumwona bibi yake alitamani na kuogopa kumkuta Hisui dirishani. Hakumkuta tena. Nesi alimwambia amepata homa ya mapafu, hatoki chumbani, ila siku ya kuagwa ataruhusiwa saa chache kwa sababu amewasumbua mno. "Haongei kitu kingine," nesi alisema. "Anahesabu siku kama mtoto anayesubiri sherehe."

*

Jumapili ile theluji ilikuwa imekatika, lakini barabara zilikuwa tope na barafu. Onyesho lilikuwa la mchana. Mbele ya ukumbi watu walisimama kwenye foleni wakipuliza vidole, na wengi hawakuwa wa Niigata. Walikuwa wametoka Sendai, Osaka, hata kisiwa cha kusini ambako theluji haijulikani, na kila mmoja alikuwa na mfuko wa tepu za kijani. Mzee Tadokoro, amevaa suti nyeusi, alikuwa anapita foleni nzima, mtu kwa mtu, anainama.

"Nawaomba. Leo tusitupe. Tuzishike juu tu. Nawaomba sana."

"Lakini mzee, hicho ndicho tulichokifuata."

"Najua, ndugu yangu. Hawezi kujikinga. Nakuomba."

Nao wakainama, wengine wakilia tayari. Nani angekataa? Alikuwa anaomba vizuri mno.

Sayoko alimfuata nyuma. Mara tatu alinyoosha mkono, mara tatu akaurudisha. Mwishowe akashika kiwiko cha suti.

"Mzee."

"Eeh binti, umekuja. Shika mfuko huu, wagawie waliokosa."

"Mzee, Dada Hisui mwenyewe ali..."

"Najua," mzee alisema, na macho yake yakajaa maji palepale. "Najua, najua. Usinilize sasa, mama, bado nina watu wote hawa. Tutalia baadaye pamoja." Akamkandamiza mfuko kifuani, akageukia mtu aliyefuata. "Ndugu yangu, nakuomba..."

Sayoko alibaki na mfuko. Alijiambia: ndani, tukishakaa. Ndani, kabla hajaingia. Lakini ndani kulikuwa na pambano la kwanza, la pili, la tatu, makelele, vumbi la ulingo, watu wanapiga miguu. Mzee Tadokoro alikuwa amekaa kiti cha pembeni yake, karibu kiasi kwamba viwiko viligusana, na Sayoko alitazama sikio lake lenye mvi kwa muda wa pambano zima. Sikio lilikuwa pale. Alifungua mdomo mara kadhaa. Ukumbini, mahali pekee alipokuwa na sauti, sauti ilikuwa ya jina moja tu, na mwenye jina alikuwa bado hajaingia.

Taa zikapunguzwa.

Wanamieleka wote wa chama walitoka wakasimama kuzunguka ulingo. Halafu kikatokea kiti cha magurudumu, na anayekisukuma alikuwa Ran Akaboshi, mwenye suti ya mazoezi nyekundu, uso kama ubao. Hisui alikuwa amevikwa koti lake la kuingilia, la kijani lenye ukosi wa manyoya. Alikuwa amekonda mno, koti lilimzidi, lakini nywele zilikuwa zimepakwa rangi upya, kijani kibichi kabisa. Mtu alikuwa ameamka mapema kumpaka. Wanamieleka wanane wakakinyanyua kiti, wakakipitisha kati ya kamba, wakakiweka katikati ya turubai kwa upole, kama watu wanaoweka sufuria iliyojaa maji.

Watu wakaimba jina lake. Sayoko pia aliimba. Aliimba mpaka koo likauma.

Walimwekea maikrofoni mdomoni.

"Nimepigana miaka kumi na mitatu," Hisui alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, imejaa pumzi. "Nimevunjwa pua mara nyingi na huyu hapa nyuma yangu." Watu wakacheka na kulia. Ran hakucheka. "Sina hotuba. Niageni kama mlivyokuwa mnanikaribisha. Ni hilo tu."

Sayoko alimgeukia mzee Tadokoro. Mzee alikuwa analia, anatikisa kichwa kukubali, kwake maneno yale yalikuwa shukrani tu.

"Mzee, umesikia? Anataka..."

"Shh. Kengele."

Mchezaji anayestaafu hupigiwa kengele kumi, na kengele zikilia hakuna anayefungua mdomo. Hata mlevi hunyamaza. Ukumbi mzima ulisimama. Kengele ya kwanza ikalia, ikaachwa ife yenyewe. Ya pili. Maneno yalikuwa kwenye ulimi wa Sayoko sasa, yote, yamepangwa sawasawa, na hapakuwa na mahali pa kuyaweka. Ya tano. Ya sita. Hisui alikuwa anatazama mbele, upande wa mashariki, upande wao. Ya tisa. Ya kumi ilichukua muda mrefu kufa.

Mtangazaji akavuta pumzi. Akaliita jina kama alivyoliita miaka yote, akalivuta mwishoni mpaka taa zikaonekana kutetemeka.

"Kutoka Itoigawa! Hisui! Kurogaaaane!"

Na kwa mazoea akarudi hatua nyuma, akainua mkono kukinga uso wake mwenyewe.

Hisui akafumba macho. Hakuweza kushusha kidevu kwa ajili ya ile kola, kwa hiyo alikaza kope na kubana midomo tu, kama mtoto anayemwagiwa maji kichwani. Sayoko aliujua uso ule. Kila picha aliyokuwa nayo ukutani ilikuwa na uso ule chini ya mvua ya kijani.

Pande zote nne mikono ikainuka, na tepu zikainuliwa juu kwa mikono miwili. Ukumbi ukawa kijani. Hakuna kilichoruka. Palikuwa kimya mpaka ukasikia hita zinavyonguruma.

Hisui alingoja.

Mtu mmoja upande wa kaskazini akaanza kupiga makofi, taratibu, ya heshima. Wengine wakafuata. Hisui hakufumbua macho. Makofi yalikuwa mengi sasa, na bado alikaza kope, na kona ya mdomo wake ilikuwa imeinuka kidogo, labda alidhani wanajipanga, labda alidhani wanataka zianguke zote kwa pamoja. Makofi yakaendelea. Polepole ile kona ya mdomo ikashuka.

Akafumbua macho.

Akawaona. Tepu zilikuwa mikononi mwao. Kila mtu alikuwa nayo, na kila mtu alikuwa ameishika. Macho yake yakapita safu ya kwanza, yakafika ya pili, yakampata Sayoko. Hayakuonyesha hasira. Yalikaa juu yake kidogo, kama mtu anayesoma kibao cha duka ambalo limefungwa, halafu yakahama.

Ran akaanza kukigeuza kiti ili Hisui auage upande wa kaskazini.

Hapo ndipo mkono wa kushoto wa Sayoko ukaenda. Mzee Tadokoro alisema "Binti, usi..." na vidole vyake vikapita kwenye mkono wa koti, vikakosa. Tepu ilipanda juu ya vichwa vya safu ya kwanza, ikajifungua vizuri kuliko zote alizowahi kutupa. Ilipinda chini ya taa, ikapita juu ya kamba bila kuigusa. Uso ulikuwa umeshageuzwa. Tepu ikashuka kwa ulaini mapajani mwa Hisui, juu ya mikono yake miwili iliyopangwa, ikalala pale, imejikunja.

Ncha nyingine ilikuwa bado kidoleni mwa Sayoko. Kwa muda kidogo walikuwa wameunganishwa na karatasi ile, na yeye alihisi uzito wake mdogo ukimvuta kidole.

Hisui alikuwa anatazama upande wa kaskazini. Kola haikumruhusu kuangalia chini, na mikono haikumwambia kitu. Midomo yake ilikuwa inasema asante, asante, kwa watu wa kule.

"Nani huyo?" sauti ya mwanamume ikafoka nyuma. "Hana adabu?"

"Aibu gani hii, leo leo!"

Ran aliiona tepu. Akaiokota kwa vidole viwili kutoka kwenye mikono ile, kama unavyomwondolea mgonjwa uzi kwenye blanketi, akaibana ikawa donge, akaitia mfukoni mwa suti yake. Karatasi ikakatika. Kidoleni mwa Sayoko kilibaki kipande kisichofika hata kiganja.

*

Walisimama kwenye mlango wa nyuma, juu ya tope la theluji, mahali ambapo wachezaji hutokea. Hakuna aliyemsemesha Sayoko isipokuwa Mutsumi, aliyemfunga skafu vizuri shingoni na kusema, "Ulitupa vizuri lakini. Kosa ni kosa, ila ulitupa vizuri."

Mzee Tadokoro alikuwa amempa mgongo.

Mlango ukafunguka. Akatoka Ran Akaboshi peke yake, na wote wakainama.

"Nendeni nyumbani," Ran alisema. "Gari limeshaondoka kwa mlango wa mbele."

"Anaendeleaje?" mzee aliuliza. "Alipenda? Ule ukijani, aliuona?"

 Jicho moja la Ran lilikuwa linachezacheza lenyewe.

"Aliniuliza kama mlikuwepo. Nikamwambia mlikuwepo wote, mpaka waliotoka visiwani. Akasema, afadhali wasingekuja." Akafungua zipu ya suti, akaifunga tena. "Akasema kumbe nimeshakufa, wamekuja kunizika."



"Alitaka tumtupie," Sayoko alisema.

Wakageuka wote.

"Aliniambia hospitali. Alisema uso tu ndio bado anausikia. Alisema nimwambie mzee."

"Lini?" mzee alinong'ona.

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita! Na ulikuwa unakaa dukani kwangu... ulikuwa pembeni yangu leo!" Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayejaribu kuelewa saa imesimama tangu lini. "Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Mfuate Dada Hisui," Sayoko alimwambia Ran. "Mwambie ni mimi. Mwambie wao hawakujua. Mwambie moja ilitupwa, ilimwangukia mikononi."

"Sasa nikamwambie hayo?" Ran aliuliza. Hakuinua sauti. "Kwamba ilimwangukia mahali asipopasikia? Mimi ndiye niliyemfanya asipasikie, na wewe unanituma nikamwambie hivyo?"

Akaingia ndani. Mlango ulikuwa mzito, ulijifunga wenyewe kwa muda mrefu.

Mzee Tadokoro aliketi kwenye ngazi ya saruji, suti yake nyeusi ndani ya maji. Ogata alijaribu kumwinua, hakuinuka. Mutsumi alizunguka akikusanya tepu kwa watu, anazitia mfukoni, kisha akasimama na mfuko umemjaa mikononi, hajui pa kuuweka.

Na Sayoko alikuwa anasema. Alieleza habari ya kioo, na chungwa, na juisi iliyotiririka kidevuni. Alieleza nesi alivyosema anahesabu siku. Alieleza simu ya kwenye kibanda, na vioo vya kinyozi. Hakuna aliyemwuliza, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kuelekea kituoni, wameinamisha vichwa, naye aliwafuata akisema, sauti yake wazi kabisa, ikisikika mpaka ng'ambo ya barabara.